Bwawa limegeuka chanikiwiti, na wenyewe wanarudi mwezi ujao

Katika ukurasa huu fundi wetu wa mabwawa wa Malindi anajibu barua za wasomaji kuhusu maji ya nyumbani, visima, matangi na mabwawa ya kuogelea.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mtunza nyumba hapa Casuarina, Malindi. Wenye nyumba ni Waitaliano, waliondoka baada ya Pasaka na wakaniagiza nizime pampu ya bwawa ili tokeni za stima zisiishe. Masika yamepita juu yake. Ndani mna majani ya mvinje, makuti na matope, maji ni chanikiwiti hata ngazi ya pili siioni, na vyura wanalia usiku kucha. Bwawa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kina kinaanzia mita 1 hadi mita 2. Fundi mmoja anasema tumwage maji yote tusugue kuta kwa asidi. Mwingine anasema nitie ndoo nzima ya vidonge vya klorini, nisubiri. Wenyewe wanarudi mwezi ujao. Nimsikilize nani? Mtunza nyumba, Casuarina.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja. Maji hayo hayo uliyo nayo yanaweza kurudi kuwa meupe, na mwezi unakutosha na kubaki, maadamu pampu inazunguka na wewe unapima kila siku.

Lakini kabla ya dawa yoyote, leo hii kabla jua halijatua, ziba njia ya kufika kwenye bwawa. Tumia mabati, miti, kamba, chochote kitakachomzuia mtoto. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hulichukulia bwawa bovu kuwa ni tatizo la macho tu, halipendezi, basi. Mtoto akizama katika maji meupe, mtu anamwona na kumrukia. Akizama katika maji ya kijani, mtu anaweza kusimama ukingoni akiita jina lake na asijue kwamba yuko mita moja kutoka miguuni pake. Nawe usiingie humo kusugua hata ukiwa mwogeleaji hodari.

Sasa kuhusu kumwaga. Ardhi yetu ya Malindi ni ya matumbawe, na baada ya masika maji ya chini hupanda. Bwawa lako lina maji ya mita za ujazo 75, yaani lita 75,000, na uzito huo wa tani 75 ndio unaolikalisha chini. Ukiutoa wote wakati ardhi imelowa, maji ya chini hulisukuma juu, nalo zege tupu huelea kama ngalawa bamvua inapojaa. Kuta hupasuka, vigae hubanduka, mabomba hukatika. Hata likinusurika, itabidi ununue maji ya boza, safari saba au nane za lori la lita 10,000, na mwani, hicho kijani unachokiona, utarudi upesi kwa kuwa filta na mabomba bado yana uchafu ule ule.

Kwa hiyo anza na wavu. Tafuta wavu wenye mfuko mrefu, si ule bapa wa kuokotea majani juu. Usukume taratibu ukiugusisha sakafu, kutoka upande wa kina kifupi kwenda upande wa kina kirefu, uunyanyue, umwage, urudie. Ukienda haraka unavuruga matope na majani yanakukimbia. Endelea hadi wavu uwe unatoka mtupu mara kadhaa mfululizo. Kazi hii inachosha na inanuka, ila ndiyo inayookoa pesa, maana kila jani linalobaki chini linakula klorini uliyoinunua kwa ajili ya mwani. Vaa glavu ndefu, kwani kenge na nyoka hutumbukia wakifuata vyura.

Kisha nenda chumba cha pampu. Safisha kikapu cha pampu na kikapu cha skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta uchafu wa juu ya maji. Kabla ya kugeuza mkono wa valvu ya filta, zima pampu kwanza, kila mara, bila kukosa, kwa sababu ukiugeuza pampu ikiwa inasukuma unakata gasketi ya ndani na maji yatakuwa yanapita ovyo hadi utakapoibadilisha. Piga bekiwoshi, yaani sukuma maji kinyume yaoshe filta na kutoka nje, hadi maji ya kile kioo kidogo cha valvu yawe meupe, zima, weka kwenye kusuuza kidogo, zima tena, rudisha kwenye kuchuja. Washa, usome geji, uandike namba hiyo kwa kalamu ya wino juu ya filta yenyewe. Geji ikipanda nusu baa juu ya namba hiyo, filta imeziba, piga bekiwoshi tena. Siku za mwanzo utafanya hivyo mara kwa mara, na hiyo ni dalili njema, mwani unatoka.

Ukifungua filta ukakuta mchanga umeshikana mabonge, ubadilishe. Naomba sana usijaze mchanga wa pwani. Ule wa Mambrui unaong'aa kama dhahabu ni mzuri kuutazama, lakini chembe zake ni ndogo mno na hazilingani, zitapita hadi ndani ya bwawa. Mchanga mweupe wa fukwe nyingine ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa, nao unaliwa na asidi na kushikana. Filta inataka mchanga wa silika uliochekechwa, unaouzwa kwenye magunia kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dawa, na dawa huanza na kipimo. Nunua kasha la kupimia, lenye vipimo vya klorini, pH (hali ya asidi ya maji, ikishuka asidi imezidi) na stebilaiza (kinga ya klorini dhidi ya jua). Bila hilo unatupa pesa gizani. Shusha kwanza pH hadi 7.2. Sababu ni kwamba klorini haifanyi kazi sawa katika maji yote. Kwenye pH 7.2 karibu theluthi mbili yake huwa katika hali ya kuua mwani, pH ikipanda hadi 8 inabaki kama robo hivi. Klorini ni ile ile na bei ni ile ile. Tena visima vyetu vya huku vina chokaa nyingi, na ukitia klorini ya punje kwenye maji ya chokaa yenye pH ya juu, bwawa linageuka maziwa. Kushusha pH tumia asidi ya mabwawa, kidogo kidogo: kwa bwawa lako nusu lita, acha pampu izungushe kwa muda wa saa nne hivi, pima, ongeza ikihitajika. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo umimine asidi ndani ya maji. Usifanye kinyume, asidi itakurukia usoni.

Klorini ya punje ile yenye nguvu ya asilimia 65 ndiyo nitakayoihesabia. Ili kupandisha klorini kwa miligramu 10 katika kila lita, bwawa la lita 75,000 linataka kilo 1 na gramu 150 hivi. Kwa maji yaliyofikia hali uliyoieleza, anza na mara mbili yake, kilo 2 na gramu 300. Itie magharibi, jua likishazama. Klorini isiyo na kinga huliwa na jua letu kwa kasi kubwa, ukiitia asubuhi basi kufikia adhuhuri sehemu kubwa imekwisha bila kuua kitu. Iyeyushe katika ndoo ya maji, mafungu madogo madogo, maji yatangulie na punje zifuate, kisha uzungushe ukingoni pote pampu ikiwa inafanya kazi. Simama upepo ukitokea mgongoni. Siku za kusi kikali ngoja upepo utulie.

Alfajiri pima kabla jua halijapanda. Huenda ukakuta klorini imekwisha kabisa. Usivunjike moyo, imekufa vitani. Rudisha kiwango hicho jioni hiyo na jioni zinazofuata, usikiache kishuke. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanatia siku moja, maji yanapauka kidogo, wanafurahi, wanaacha, na mwani uliobaki unaota upya juu ya mzoga wa ndugu zake. Jihadhari pia na kitu kimoja cha kipimo. Klorini ikiwa nyingi mno, ile rangi ya waridi ya vidonge vya kupimia hutokea mara moja na kupotea, maji yanakaa meupe kana kwamba hamna klorini hata chembe. Ukiona hivyo, changanya kikombe kimoja cha maji ya bwawa na vinne vya maji ya chupa, pima mchanganyiko, zidisha jibu kwa tano.

Brashi usiitue chini. Mwani wa ukutani hujifunika kwa utelezi ambao klorini haiupenyi kwa urahisi, kwa hiyo uukwangue kila siku: nyuma ya ngazi, ndani ya mdomo wa skima, kuzunguka taa, kwenye mistari ya vigae. Rangi itahama kutoka kijani kizito kwenda kijani hafifu, halafu kijivu, halafu buluu ya mawingu. Ukifika kwenye kijivu mwani umekufa na sasa ni kazi ya filta. Pampu isizimwe usiku wala mchana hadi uione sakafu. Pampu ya hospawa moja hula kama yuniti 24 kwa siku nzima, mweleze mwenye nyumba hivyo waziwazi akutumie pesa za tokeni. Vumbi la mwani mfu litakalotua chini livute kwa vakyumu, valvu ikiwa kwenye kumwaga nje, lisipite kwenye filta. Mawingu yakikataa kuondoka, shabu itasaidia: tia kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, zungusha kidogo, zima pampu usiku mzima, na asubuhi uvute taratibu sana kile kilicholala chini.

Utajua umemaliza ukipima klorini usiku jua likishazama, ukapima tena alfajiri, ukaona haijashuka zaidi ya miligramu 1, na maji yakiwa meupe.

Vidonge je? Vidonge vina klorini pamoja na stebilaiza, ile kinga ya jua. Stebilaiza kidogo ni nzuri, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Lakini klorini inatumika na kwisha, stebilaiza haiishi. Inarundikana mwaka baada ya mwaka mpaka inaibana klorini isiweze kuua. Pengine masika yamekusaidia kwa kuifurisha nje. Pima. Ukikuta imefika 100, punguza theluthi ya maji kwa awamu, kiangazi kikishakausha ardhi, ujaze mapya. Ndoo nzima ya vidonge ingekuzidishia ugonjwa.

Na hili nakuomba kama mwanangu. Usichanganye kamwe vidonge na klorini ya punje, hata kwa kutumia kopo moja la kuchotea, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Usikutanishe klorini na asidi, hutoa gesi inayochoma mapafu. Viweke mbali mbali, pakavu, mlango uwe na matundu ya hewa. Nimewaona vijana wengi wa kazi hii wakichota klorini kwa mkono mtupu, wakikohoa, macho mekundu, ilhali ndani ya nyumba mna viti vya thamani ya mshahara wao wa mwaka. Glavu, miwani na buti ni haki yako. Mwenye nyumba aliyemudu kujenga bwawa anamudu miwani. Mwandikie leo, uvipate kabla hujafungua kopo la kwanza.

SWALI: Babu, je, naweza kutumia jiki ya dukani badala ya klorini ya mabwawa? Duka la dawa liko mbali nami. Msomaji, Marafa.

JIBU: Unaweza, ni klorini pia, na kwa maji ya chokaa ina faida kwamba haiongezi chokaa. Soma chupa. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, kwa bwawa kama la mwenzako wa hapo juu utahitaji lita 21 hivi ili upate ile miligramu 10 kwa lita, kila unapotia. Piga hesabu ya nauli ya kwenda Malindi uone kipi nafuu. Usinunue iliyopigwa jua rafuni, nguvu yake imeshapungua, na usinunue yenye manukato wala iliyochanganywa na sabuni.

SWALI: Assalam aleykum fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni Shela, Lamu, na uani kuna kidimbwi cha kujipoza, mita 3 kwa mita 2.5, maji yanafika kifuani. Wageni hakuna hadi Desemba na maji yameshaanza kuota kijani. Bibi yangu alikuwa na samaki ndani ya birika la nyumbani, walikula viluwiluwi vya mbu na maji yalikuwa safi. Nitie samaki niepukane na dawa? Na nikiamua kumwaga, niyaelekeze mchangani nyuma ya nyumba? Mama Shela.

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu. Barua yako imenifurahisha, kwa sababu wazee wetu wa Lamu walikuwa na akili ya maji. Lakini angalia tofauti. Birika la bibi lilikuwa ndani ya nyumba, kivulini, maji yakichotwa kila siku na kujazwa mengine. Mwani unataka jua na chakula. Kidimbwi chako kiko uani, jua linakipiga tangu asubuhi, maji yamekaa, na kinyesi cha samaki ni mbolea. Samaki watakula viluwiluwi kweli, ila kijani kitazidi.

Kama hutaki kabisa kutumia umeme na dawa hadi Desemba, samaki wadogo ni bora kuliko kukiacha bila uangalizi. Tena ni wajibu, kwa vile katika joto letu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja au mbili. Lamu tunaikumbuka chikungunya ya 2004, watu walivyokuwa hawawezi kunyoosha magoti wala kushika kikombe. Mbu wake hupenda zaidi mapipa, mitungi na matangi, kwa hiyo hata ukitia samaki kidimbwini zunguka uani umwage maji ya ndoo na vifuu, ufunike na pipa la akiba. Novemba uwavue samaki wote, uwape jirani mwenye birika, ndipo uanze klorini. Klorini itawaua, na kiumbe aliyekufanyia kazi miezi yote hiyo hastahili hivyo.

Ushauri wangu mwenyewe lakini ni mwingine: kidimbwi chako ni cha lita 9,000 tu. Gramu 140 za klorini ya punje zinakipandisha miligramu 10 kwa lita. Sasa hivi maji yanaanza tu kuota, yasafishe wiki hii kwa kazi ndogo, kisha kifunike kwa turubai zito lisilopitisha mwanga, lililofungwa imara pembe zote ili mtoto au paka asiteleze chini yake. Maji yasiyoona jua hayaoti mwani. Washa pampu muda mfupi kila siku, pima klorini kila wiki, na Desemba utafunua maji yako yakiwa tayari.

Kuhusu kumwaga mchangani nyuma ya nyumba, hapana, dada yangu. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa na mji wa Lamu. Mvua inanyea mchanga, inazama, inachotwa visimani. Kila unachomwaga juu ya vilima hivyo kinaelekea huko huko. Ikiwa lazima upunguze maji, acha kwanza klorini iishe, kidimbwi kikae wazi juani siku kadhaa bila kutiwa kitu hadi kipimo kionyeshe hamna, ndipo utoe kidogo kidogo kwenye miti ya uani. Maji yenye asidi au yaliyotiwa shabu usiyamwage mchangani hata kidogo. Punda pia wasinyweshwe maji ya bwawa, hata yakionekana meupe.

SWALI: Fundi, maji yetu ni meupe, sakafu inaonekana vizuri, lakini yana rangi ya kijani na mtoto wa mgeni mwenye nywele nyeupe ametoka na nywele za kijani. Mama mgeni amelalamika kwamba klorini ni nyingi. Tupunguze? Mhudumu wa hoteli, Watamu.

JIBU: Si klorini, ni shaba. Angalia kopo la dawa ya mwani mnayotumia, kama imeandikwa kopa au shaba acheni kuitia. Sababu nyingine ni asidi kali kula mabomba ya shaba, basi pimeni pH isishuke chini ya 7.2. Badilisheni sehemu ya maji, mtie dawa ya kufunga metali. Mama huyo mwambieni kwa heshima kwamba mtoto hajadhurika, na kwamba kulowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia bwawani kunapunguza rangi kushika.

SWALI: Shikamoo. Bwawa letu lilikuwa kijani, tumetia klorini nyingi na sasa limetakata. Watoto wa madrasa wameomba kuja kuogelea Ijumaa. Waingie? Baba wa watano, Maweni.

JIBU: Marahaba. Pima Ijumaa asubuhi. Klorini iwe imeshuka chini ya miligramu 5 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na ukisimama ukingoni uone wazi matundu ya kile kifuniko cha bomba la sakafuni upande wa kina kirefu. Moja likikosekana, waambie waje Ijumaa inayofuata. Yote matatu yakitimia, waingie, na awepo mtu mzima anayejua kuogelea aliyekaa ukingoni bila simu mkononi hadi wa mwisho atoke.